Koo la Kuazima

Msellem Kitogo alipofungua mdomo na sauti isitoke, Zawena Shekue alifurahi. Tuseme ukweli mapema, maana wapo watakaotaka kumfanya malaika na mwenyewe hapendi. Alifurahi hadi vidole vya miguu vikajikunja ndani ya viatu. Alikuwa amesimama kwenye meza ya mawakili, upande wa kushoto wa ukumbi, joho limemkaa vizuri, kitambaa cheupe cha shingoni kimepigwa pasi. Upande wa kulia, wakili aliyewahi kumdhalilisha mbele za watu alikuwa anapapasa koo lake mwenyewe kama mtu aliyedondosha kitu humo. Zawena akainamisha kichwa, akajifanya anapanga makaratasi. Alikuwa anaficha meno.

Ukumbi ule, katika mji ule ambao hakuna aliyejisumbua kuupa jina, ulikuwa na tabia yake. Maneno ya heshima yaliyosemwa humo yalitoka nje na watu, yakaenda nao majumbani. Maneno ya matusi hayakutoka. Yalipanda darini yakaganda huko, na kila mlango wa nyuma ulipofunguliwa upepo uliyatikisa, moja likadondoka na kusikika upya kwa sauti ileile ya aliyelisema, hata kama mwenyewe alishazikwa. Karani wa mahakama, Bwana Pazi, alikuwa na ufagio wa mpini mrefu wa kuyakwangua. Mengi aliyaweza. Mengine yalimshinda, na la Msellem lilikuwa mojawapo. Siku shauri hili lilipotajwa kwa mara ya kwanza, alimgeukia Zawena mbele ya Mheshimiwa Jaji akasema, "Huyu kazi yake ni kutuchemshia chai. Nani kampa joho?" Watu wakacheka. Tangu siku hiyo mlango ukifunguliwa maneno hayo hudondoka, "nani kampa joho," na Zawena huinama kutafuta kalamu ambayo haijapotea.

Lakini lile swali, likishaondolewa tusi, lilikuwa swali la haki, na ndilo lililomnyima raha. Nani kampa joho? Katika mji ule mtu hakuzaliwa na sauti ya uwakili. Siku ya kuapishwa mwanasheria mpya alisimama bubu mbele ya wenzake, akangoja mmoja wao, yeyote, ainuke na kumwita, "Msomi mwenzangu fulani." Hapo koo lilifunguka. Hakuna aliyeweza kujiita mwenyewe. Walijaribu wengi wenye vyeo na wenye majina, wakabaki wanachezesha midomo. Kwa hiyo kila sauti iliyosikika ukumbini ilikuwa zawadi ya mwenzio, na mara nyingi ya mwenzio ambaye kesho yake ungesimama kumpinga. Zawena alilifikiria jambo hili akiwa anakaanga vitunguu, akiwa anafunga mlango, akiwa katikati ya maongezi ya watu wengine. Kama sauti yangu imetoka kwa yule ninayepingana naye, je, ninapompinga ni nani anasema? Na akinyamaza yeye, mimi nimebaki na nini? Hakuwahi kupata jibu, na vitunguu viliungua.

Sauti iliyotolewa hivyo haikuporwa na mtu. Iliondoka yenyewe. Ukimtukana mwenzako inasogea mbali kidogo, ukirudia inasogea tena, mpaka asubuhi moja unaamka imekwenda. Msellem, kwa miaka, alikuwa ameisogeza sana.

"Wakili wa wadaiwa yupo?" aliuliza Mheshimiwa. Mheshimiwa alikuja kila kikao na uso mwingine, siku hiyo wa mwanamke mwenye mashavu ya duara, wiki iliyopita wa mzee mkavu. Miwani tu ndiyo haikubadilika, na watu waliisujudia hiyo.

Msellem akanyoosha mkono.

"Mkono si jibu, Wakili," alisema Bwana Pazi kwa huruma kidogo. Ndiyo ilikuwa kanuni. Asiyeitika kwa sauti hakuwepo.

"Wakili Shekue," alisema Mheshimiwa, "mwenzako hayupo. Unaomba nini?"

Ilikuwa imebaki sentensi moja tu. *Naomba shauri lisikilizwe upande mmoja.* Angeisema, na kabla ya watu kufika barabarani ukuta ungekuwa umeanguka.

Maana shauri lenyewe lilikuwa la ukuta. Watu wa Uvulini walikuwa wanadai asubuhi yao. Mashariki ya mtaa wao palikuwa na mto uliokufa, umebaki mchanga mtupu, na ng'ambo ya mto watu wa Ng'ambo walikuwa wamejenga ukuta mrefu usio na tundu. Tangu siku hiyo jua halikufika Uvulini mpaka adhuhuri. Watoto walikohoa, kuta ziliota ukungu, na Bi Mashavu, dobi wa mtaa na kiongozi wa wadai, aliishi na nguo zenye harufu ya unyevunyevu na wateja wenye maneno. Alipoingia kwenye korido ya mahakama kungoja shauri lake, nywele zilikuwa nyeusi. Sasa zilikuwa nyeupe zote, na ukimuuliza angekuambia kesi imeanza juzi tu. Shauri likishaamuliwa katika ukumbi ule halikufunguliwa tena na mtu yeyote. Wakishindwa leo, asubuhi imekwenda, ya kwao na ya wajukuu wao.

"Sema, mwanangu," alinong'ona Bi Mashavu kutoka benchi la nyuma. "Sema sasa hivi kabla hajakohoa."

Zawena akafungua mdomo. Na hapo, kwa bahati mbaya au nzuri, akatupa jicho upande wa kulia na kumwona Bwana Kigwasu.

Bwana Kigwasu alikuwa mdaiwa, mzee wa Ng'ambo, mtu mfupi mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikapoteza rangi. Alikuwa hajaelewa kinachoendelea. Alimwona wakili wake amesimama, basi akaamini mambo yanakwenda. Alimwangalia Msellem kwa imani ile ya mgonjwa anayemwangalia daktari, akaweka kofia sawa, akakaa wima, tayari kusikia habari zake zikisemwa. Msellem naye akageuka, wakakutana macho, na Msellem akayakwepa. Furaha ya Zawena ikamtoka mwili mzima. Akaona aibu, na haikuwa ya kwake peke yake.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba dakika nizungumze na mteja wangu."

Akapiga magoti kando ya benchi.

"Unafanya nini wewe?" alisema Bi Mashavu.

"Nataka kumwazima koo."

"Nani? Huyu aliyekuita mchemsha chai?"

"Huyuhuyu."

Kila mtu mjini aliijua desturi hiyo, na kila mtu aliiogopa. Wakili akipoteza sauti shauri likiwa limeitwa, mpinzani wake anaweza kumwazima koo: anavaa kitambaa cha mwenzake shingoni na kusema hoja za mwenzake, zote, kwa nguvu zilezile ambazo angezisemea zake. Kitambaa chake mwenyewe anakiacha mkononi mwa yule bubu. Kuanzia hapo hana neno hata moja la upande wake, mpaka yule aliyeazimwa akivae, ainuke na kulipa kwa kumsemea naye. Asipoinuka, basi. Mle koridoni, karibu na mtungi wa maji, alikaa Wakili Ndekirwa, ambaye aliwahi kumwazima mtu koo na mtu huyo akatoka kwa mlango wa nyuma. Ndekirwa hajasema kitu mpaka leo. Hukunja karatasi tupu, akazikunjua, akazikunja tena.

"Na akikimbia?"

"Tumekwisha, Bi Mashavu. Sikudanganyi. Mimi nimekwisha na shauri limekwisha. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Ukikataa, nasimama naomba upande mmoja, na ukuta unaanguka leo."

"Sasa ukiona hivyo unauliza nini?"

"Naogopa kushinda peke yangu. Yule mzee pale hajasikilizwa."

"Mimi nataka nguo zikauke," alisema Bi Mashavu. "Hayo mengine ungeyafikiria nyumbani kwako." Akamtazama Bwana Kigwasu kwa muda, kofia ile, akajua ilifuliwa na mtu asiye na sabuni ya kutosha. Akapumua kwa hasira. "Leo watauvunja kwa sababu huyu kawa bubu. Kesho watatujengea mwingine siku utakayokuwa bubu wewe. Nenda. Lakini ukipotea na koo lako nakufuata huko huko nikunyonge."

Zawena akavuka ukumbi. Ile nafasi kati ya meza mbili, ambayo alizoea kuiona ndogo, ilirefuka kadiri alivyokwenda; katikati alihisi ameshazeeka, na alipofika ng'ambo alikuwa msichana aliyeapishwa leo, anangoja kuitwa. Akasimama mbele ya Msellem.

"Msomi mwenzangu," alisema, "lete kitambaa chako."

Msellem akamtazama. Akashindwa kufungua fundo, ikabidi Zawena amsaidie. Akakivaa juu ya kola yake. Kitambaa chake mwenyewe akakiweka kwenye kiganja cha Msellem, akakifumba kile kiganja kwa vidole vyake.

Na hapo.

Hapo akajitafuta. Uvulini, mteja, hoja ya kwanza, hoja ya pili. Hakuna. Palikuwa na nafasi tu, imefagiliwa. Mimi ni nani nisipokuwa na upande? Shingo. Kitambaa cha mtu mwingine, kina harufu ya mafuta ya karafuu. Halafu mchanga. Mchanga kinywani, mchanga kwenye maziwa, binti amelala na mchanga umemfika kifuani, baba anaufukua kwa sahani. Baba ni nani? Baba ni mimi. Hapana, baba ni yule mwenye kofia. Mbona nalia mimi?

"Mheshimiwa," alisema Zawena, na sauti ilikuwa yake, lakini maneno yalikuwa ya Msellem, "kwa ruhusa ya mahakama yako, nawasimamia watu wa Ng'ambo. Wateja wangu hawakujenga ukuta kwa kiburi. Wenzao wa Uvulini hawaujui ule mchanga, kwa sababu upepo unaouchukua unavuma kutoka kwao kuja kwetu. Jua likishakaa utosini, upepo huo huamka, unapita juu ya mto uliokufa na kubeba mto mzima. Unafanya kazi hiyo mpaka magharibi. Nyumba ya Bwana Kigwasu ilijaa hadi dirishani. Alimtoa binti yake kwa sahani, Mheshimiwa, kwa sababu koleo lilikuwa limeshafukiwa. Ukivunja ukuta huu, unamwambia arudi akalichimbue."

Alisema kwa muda mrefu. Alisema vizuri mno, na hili ni kosa ambalo ni mawakili tu wanaweza kulifanya: ukimpa wakili hoja nzuri anaikimbilia, hata kama inakwenda kumvunjia mlango wake. Alipopaza sauti kuhusu binti, Bwana Kigwasu alivua kofia akajifuta nayo uso, maana kwa miaka yote ile alikuwa hajawahi kusikia maisha yake yakisemwa kwa mpangilio. Bi Mashavu alijifunika kanga usoni. Hakutaka kuona. Alikuwa ameshaanza kumwonea huruma yule binti, na hilo lilimkera kuliko yote. Mheshimiwa alikuwa amevua miwani, jambo ambalo Bwana Pazi hakuwahi kuliona.

"Ni hayo tu kwa upande wa wadaiwa," alimaliza Zawena, akaketi kwenye kiti cha Msellem.

"Wakili wa wadai," alisema Mheshimiwa. "Majibu yako?"

Zawena akasimama kwa mazoea. Akafungua mdomo. Alijua Uvulini wana haki. Alijua kwa namna mtu anavyojua kuna chumba nyuma ya mlango, na ufunguo hana.

Ukumbi mzima ukamgeukia Msellem. Alikuwa amesimama na kitambaa cha Zawena mkononi, anautazama mlango wa nyuma. Hoja zake zilikuwa zimeshasemwa, zimeingia, zimewatoa watu machozi. Angetoka tu, angeshinda. Bila sauti, ndiyo, lakini ushindi mkubwa namna ile unaweza kumlisha mtu kimyakimya mpaka uzeeni. Akapiga hatua kuuelekea mlango. Zawena akamwona, na hofu ikamshika, hofu ya kweli isiyo na falsafa yoyote ndani yake.

Mlango ukafunguka wenyewe kwa upepo. Dari ikatikisika.

*Huyu kazi yake ni kutuchemshia chai. Nani kampa joho?*

Msellem akasimama palepale. Kila siku sentensi hiyo ilipodondoka alikuwa anaongea, anacheka, anamwita mtu; hakuwahi kuisikia. Sasa hakuwa na sauti ya kuizidi. Akaisikia yote, mpaka kile kicheko cha mwisho. Alitazama juu, kisha akamtazama Zawena, ambaye hakuinama kutafuta kalamu. Hakuwa na sababu. Leo walikuwa mabubu wawili.

Akakivaa kile kitambaa. Vidole vilikosea fundo, akafungua, akafunga upya, na alipogeuka kuikabili mahakama sauti ilitoka ikikwaruza kama bomba lililokaa bila maji.

"Mheshimiwa," alisema. "Kabla sijaanza, kuna swali niliuliza humu ndani nikaenda zangu. Nani kampa joho. Joho amepewa na wenzake, kama sisi sote. Na hili koo ninalosemea sasa hivi nimepewa na yeye. Msomi mwenzangu, Wakili Zawena Shekue. Naomba kumbukumbu za mahakama zisomeke hivyo."

"Zitasomeka," alisema Mheshimiwa.

Ndipo akaanza kuwasemea Uvulini. Alisema ukungu wa kuta, kikohozi cha watoto, nguo za Bi Mashavu zinazorudi kwa wenyewe na harufu ya kisima. Hakubana hata neno. Halafu Zawena akaona uso wake ukibadilika, akajua ameona kitu.

"Mheshimiwa, wakili wa wadaiwa," akamwinamia Zawena, "ametueleza jambo ambalo hakuna aliyelipinga. Amesema upepo huamka jua likishakaa utosini. Basi kabla ya hapo umelala. Wateja wangu hawadai siku nzima. Wanadai asubuhi, na asubuhi ukuta ule hauzuii mchanga wowote, unazuia jua tu. Siombi uvunjwe. Naomba utobolewe milango, ya mbao nzito, ifunguliwe alfajiri na kufungwa adhuhuri. Funguo zikae pande zote mbili."

Zawena alijisikia kama amemwagiwa maji ya baridi siku ya joto. Alilisema yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na hakulisikia. Ingembidi awe mahali pa Msellem ili aliseme, na Msellem awe mahali pake ili alisikie.

"Wakili wa wadaiwa, una pingamizi?"

Zawena akamwinamia Bwana Kigwasu, kwa kuwa sasa alikuwa mteja wake.

"Wakifunga kwa wakati, sisi na asubuhi hatuna ugomvi," alinong'ona mzee. "Hata mimi ningependa kuwaona majirani. Walikuwa wanaimba zamani."

"Hatuna pingamizi, Mheshimiwa."

Miwani ikarudi usoni, amri ikasomwa. Zawena akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu siku ile ya kicheko, na ilikuwa ndefu, ikaendelea kushuka, mpaka akalazimika kukaa. Kitu laini kilikuwa kinadondoka kutoka darini, vumbi tu, halina sauti. Bwana Pazi alipiga chafya, akaweka ufagio kando.

Kanuni ya mwisho ni kwamba kitambaa cha kuazima hakirudi shingoni mpaka kifuliwe na kukauka, na mpaka hapo mwenyewe ni bubu. Mlangoni wote wawili wakamkabidhi Bi Mashavu vitambaa, wakaagana kwa mikono, wakaenda kwao bila sauti. Kesho yake walikuwa na mashauri mengine mapema, kila mmoja na lake. Usiku huo Zawena hakuogopa ububu. Alikaanga vitunguu, havikuungua.

Mafundi wa mji ule humaliza kazi amri inaposomwa, kwa hiyo asubuhi milango ilikuwa tayari ukutani. Alipofika Uvulini jua lilikuwa limeshaingia mitaani, limejaa kwenye mabeseni. Watoto walisimama ndani yake bila kucheza, wakitazama vivuli vyao. Msellem alikuwa amemtangulia. Vitambaa viwili vilining'inia kambani, vyeupe, vimekauka.

"Kipi chako?" Bi Mashavu alimuuliza Zawena.

Zawena akatazama. Vilikuwa vimeshonwa mtindo mmoja, na harufu ya karafuu ilikuwa imetoka kwenye maji. Akainua mabega. Msellem akapiga hatua nyuma, akanyoosha mkono kuelekea kambani kumpisha achague. Zawena akachukua kimoja, bado kina joto, akakifunga. Msellem akachukua kilichobaki.

"Msomi mwenzangu," alisema Zawena kwa kujaribu.

"Msomi mwenzangu," alijibu Msellem.

Sauti zilitoka zote mbili, safi. Wakabaki wamesimama pale, watu wazima wawili, wanatabasamu bila la kusema, na hakuna aliyetaka kujua kama alichovaa ni chake.

"Haya ondokeni hapo," alisema Bi Mashavu, shuka la pili begani. "Mnanizibia jua."